CRM au programu ya chati? Namna ya kuchagua kabla hujalipa

Wenye biashara za kati, wale wenye wafanyakazi watano hadi thelathini, huuliza sana swali moja: ninunue mfumo wa kutunza wateja, ule ambao wauzaji wanauita CRM, au ninunue programu ya kuonyesha takwimu kwa chati na dashibodi, yaani ukurasa mmoja wenye chati kadhaa? Mara nyingi swali lenyewe limeletwa na muuzaji. Amefika ofisini na kompyuta mpakato, amefungua skrini iliyojaa rangi, na alipoondoka mwenye biashara amebaki akiamini kwamba hicho ndicho kinachomkosesha mauzo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uamue ukiwa umetulia, una karatasi na kalamu mbele yako, kabla kadi ya benki haijatoka mfukoni.

Kwanza, jua kila moja inafanya kazi gani

CRM hushughulika na mteja mmoja mmoja. Jina lake, simu yake, aliulizia nini, alipewa profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) lini, nani alizungumza naye, na arudiwe lini. Faida yake huonekana asubuhi, mfanyakazi anapofungua kazi na kukuta orodha ya watu wa kuwapigia leo.

Programu ya chati haimjui mteja kwa jina na wala haihitaji kumjua. Inachukua maelfu ya mistari ya mauzo, stoo au malipo, inaijumlisha, kisha inakuonyesha picha: tawi gani linashuka, bidhaa gani inapanda, siku gani za wiki kaunta inalemewa. Faida yake huonekana kwenye kikao, pale mnapoamua mzigo gani uagizwe na tawi gani liongezewe mtu.

Kwa hiyo CRM ni mahali taarifa zinapoanzia. Programu ya chati inategemea taarifa ambazo tayari zimeandikwa mahali pengine. Kama hakuna anayeandika, hakuna cha kuchora, hata ukinunua programu ya bei mbaya kuliko zote. Watu wengi hulipia dashibodi kisha wakakuta haina cha kuonyesha, kwa sababu mauzo yao yako kwenye kumbukumbu ya muuzaji wa kaunta na kwenye meseji za WhatsApp.

Hata makampuni makubwa yanaziona hizi kuwa kazi mbili. Salesforce, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1999 na kukua kwa kuuza CRM, ilitangaza mwaka 2019 kuinunua Tableau, kampuni ya programu za chati, kwa dola bilioni 15.7. Microsoft wana Dynamics 365 upande wa wateja na Power BI upande wa chati. Zoho ya India nao wana Zoho CRM na Zoho Analytics, na kila moja ina bei yake.

Hatua ya 1: Andika maswali yako kwa wiki moja

Chukua daftari dogo. Kila unapokwama kwa kukosa jibu kuhusu biashara yako, andika swali hilo kama lilivyokujia, kwa maneno yako. Usiyapange na usiyapambe. Mwombe na mtu wa kaunta afanye hivyo, na mtu wa stoo pia, maana wao wanayaona mambo ambayo wewe hufiki.

Mwisho wa wiki yagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maswali yanayomhusu mtu: yule mama aliyechukua profoma Jumanne amefikia wapi? Nani anamdai fundi wa Mbezi? Mteja wa Morogoro alikuwa anaongea na nani kabla kijana wetu hajaacha kazi? Fungu la pili ni maswali yanayohusu wingi: kwa nini mwezi huu tumeuza pungufu? Saruji inatuletea faida au tunaibeba tu kwa ajili ya wateja wa nondo? Tawi la pili linajilipa?

Fungu lililo refu zaidi ndilo jibu lako la awali: la mtu linaelekeza kwenye CRM, la wingi kwenye chati. Usilifanye la mwisho bado, kwa sababu hatua inayofuata inaweza kulipindua.

Hatua ya 2: Kagua taarifa ulizo nazo, moja baada ya nyingine

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sasa hivi daftari limegawanyika vipande vingi, na kila kipande kinajua jambo moja tu. Vipitie.

Taarifa ya malipo ya simu, iwe ya Lipa Namba ya Tanzania au ya Till ya Kenya, inakuonyesha saa, kiasi na aliyelipa. Haikuambii amenunua nini. Unaweza kuchora kutoka humo saa za msongamano na ukubwa wa malipo, basi.

Ripoti ya Z, ile inayotolewa mwisho wa siku na mashine ya EFD ya risiti za kodi, inakupa jumla ya siku kwa ajili ya kodi. Hapo hakuna mteja, na mara nyingi hakuna bidhaa kwa namna inayosaidia kupanga mzigo.

Mfumo wa kaunta, kama unao, una bidhaa, idadi, bei na saa. Huu ndio mgodi wa chati. Mwenye mfumo wa kaunta unaotumika vizuri kwa miezi kumi na miwili yuko tayari kwa programu ya chati leo hii.

Daftari la madeni lina majina, lakini kwa kawaida halina simu wala tarehe ya ahadi.

Simu za wauzaji ndizo zenye wateja halisi, na ndizo zenye hali mbaya kuliko vyote. Fungua orodha ya majina kwenye simu ya muuzaji wako mzoefu, kwa ruhusa yake. Utakuta "Fundi Mbezi", "Fundi Mbezi 2", "Mama bati Tegeta", "Mteja nondo", "Bosi Gari Nyeupe". Yeye anawajua wote kwa sauti. Siku akiondoka, ataondoka na simu yake, na biashara yako itabaki na mtu mpya anayeanza upya kuuliza kila mteja anaitwa nani. Ukiona sehemu kubwa ya mauzo yako inapitia kwenye simu za namna hii, una tatizo la CRM, hata kama maswali yako ya wiki ile yalikuwa zaidi ya takwimu.

Hatua ya 3: Tazama mteja wako anavyonunua

Hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo. Mteja anaingia saa nne asubuhi, anataka mabati ya geji 28, misumari, na nondo za milimita 12 kwa nyumba ya vyumba vitatu. Anapewa profoma, anaikunja, anaiweka kwenye pochi pamoja na profoma nyingine mbili za maduka ya jirani. Leo hanunui. Anasubiri fundi amwambie kenchi itapigwa lini, au anasubiri mkopo wa SACCOS utoke. Wiki mbili zikipita na pesa ikipatikana, ana maduka matatu ya kuchagua, na bei zake zinakaribiana. Atakayemkumbuka kwanza ni yule aliyempigia: "Shikamoo mama, ni mimi wa Gerezani. Zile bati zako bado bei ni ileile hadi Ijumaa. Fundi amefikia wapi?"

Simu hiyo haipigwi kwa bahati. Mtu aliandika jina, namba, alichotaka na tarehe ya kumrudia, na kitu fulani kikamkumbusha siku ilipofika. Hiyo ndiyo CRM, hata ingekuwa ni daftari la kurasa mia mbili. Duka hili likinunua programu ya chati kwanza, litaona mstari wa mauzo ukishuka, na halitakuwa na namna ya kujua kwamba profoma arobaini zilitoka na hakuna aliyefuatilia hata moja.

Sasa chukua maduka ya dawa yenye matawi matatu, Mbagala, Tandika na Temeke. Mteja anaingia na kichwa kinamuuma, ananunua, anaondoka, yote ndani ya dakika tatu. Kumuuliza jina na simu ni kumchelewesha yeye na watu walio nyuma yake kwenye foleni. Tena ugonjwa wa mtu ni taarifa nyeti, na kuikusanya bila sababu ni kujitafutia mzigo wa kisheria. Mwenye maduka haya anahitaji kujua dawa zipi zinakaribia tarehe ya kuisha muda, tawi lipi linaishiwa kabla ya Ijumaa, na kama ile friji ya Tandika inajilipa. Mfumo wake wa kaunta tayari una majibu yote, yamelala tu. Huyu aende kwenye chati moja kwa moja.

Kati ya hao wawili kuna biashara kama kampuni ya utalii ya Arusha au Zanzibar. Familia ya Ujerumani inaandika Januari ikiulizia safari ya Agosti. Hapo katikati kuna barua pepe, bei kurekebishwa, mtoto aliyeongezeka, hoteli iliyojaa, malipo ya awali. Bila CRM barua moja ikipotea, safari nzima imepotea. Lakini baada ya mwaka mmoja wa kuandika vizuri, kampuni hiyohiyo itataka kujua ni mawakala gani wanaoleta wateja wanaolipa na ni wapi wanaoomba bei tu. Inahitaji vyote viwili, kwa mpangilio huo: CRM kwanza.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Kama kati ya mteja kuuliza na mteja kulipa kuna mazungumzo na kuna siku zinapita, anza na CRM. Kama mauzo yanaanzia na kuishia kaunta, anza na chati. Na kama unauza kwa mkopo, uko upande wa CRM bila kujali kingine chochote, kwa sababu deni ni mazungumzo yanayoendelea.

Hatua ya 4: Jaribu kwa Excel mwezi mmoja, bila kununua

Usinunue kitu mwezi wa kwanza. Excel au Google Sheets inatosha kukuonyesha kama watu wako wataandika, na hilo ndilo jambo usilolijua bado.

Kwa upande wa wateja, tengeneza safu nane: tarehe, jina, simu, eneo, anachotaka, hatua aliyofikia, tarehe ya kumrudia, na nani anamshughulikia. Hatua zisizidi nne: ameuliza, ana profoma, amelipa, amekataa. Ukiweka kumi, hakuna atakayekumbuka tofauti ya "anafikiria" na "yuko tayari kidogo". Kila asubuhi panga orodha kwa tarehe ya kumrudia. Walio juu ndio kazi ya leo.

Namba za simu zina matatizo yake. Excel ikiona 0700000000 inaichukulia kama hesabu na kuitupa sifuri ya mwanzo. Mwingine ataandika +255, mwingine 255 bila alama, mwingine ataacha nafasi katikati. Mtu mmoja anakuwa wateja wanne. Weka safu ya simu iwe ya maandishi kabla hujaanza kuandika, kisha kwenye safu ya pembeni sawazisha namba kwa kanuni hii:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(C2," ",""),9)

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu tisa za mwisho, inatanguliza 255. Aliye Kenya aweke 254, Uganda 256. Lakini kama una wateja wanaoshuka Kariakoo kutoka Lubumbashi au Lusaka, watenge kwanza kwenye karatasi yao, la sivyo kanuni hii itazigeuza namba za Kongo na Zambia kuwa za Tanzania na hutawapata tena.

Tarehe nazo ziandikwe kwa namna moja, mwaka ukitangulia: 2025-03-04. Ukiandika 04/03, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itasoma tarehe 3 Aprili, na chati yako ya robo mwaka itakuwa na mauzo ya mwezi ambao haujafika. Eneo lichaguliwe kwenye orodha iliyotayarishwa, lisiandikwe kwa mkono, maana "Tegeta", "Tgeta" na "Tegeta Nyuki" zitatokea kama sehemu tatu.

Kama kaunta yako inatumia WhatsApp Business, ambayo ilitoka mwaka 2018, tumia lebo zake kwa kazi hiyohiyo: lebo ya profoma, lebo ya deni, lebo ya amelipa. Duka la watu wawili linaweza kuishi hivyo muda mrefu. Mipaka yake utaiona utakapotaka kutuma tangazo: orodha moja ya kutuma inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake.

Mwezi ukiisha hesabu mistari. Kama watu wako waliandika siku tatu wakaacha, programu ya kulipia haitawabadilisha. Fanya kwanza hatua ifuatayo kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 5: Ongea na wauzaji wako kuhusu kamisheni

Nimeona mifumo mizuri ikifa mapema, na sababu ilikuwa hofu. Muuzaji anayelipwa kamisheni anajua kwamba namba zilizo kwenye simu yake ndizo ulinzi wake. Ukimwambia aziingize kwenye mfumo wa ofisi, anasikia kwamba unamnyang'anya wateja halafu umwachishe kazi. Atakubali mbele yako na kuandika nusu. Hana ubaya, anailinda riziki yake.

Litatue kwa uwazi. Kila mteja kwenye mfumo awe na jina la aliyemleta, na jina hilo lisibadilishwe bila yeye kujua. Kamisheni ilipwe kwa kufuata mfumo, ili kuandika kuwe njia ya kulipwa. Mteja akihamishiwa kwa mwingine, mkubaliane mapema mgawanyo utakuwaje. Liandike hilo kwenye karatasi na lisainiwe, hata kama mko watu wanne na mnafahamiana tangu zamani.

Kisha punguza kazi. Muuzaji akitakiwa kujaza sehemu kumi na tano kwa kila simu, ataacha, na ana haki. Sehemu tano za lazima zinatosha. Na kiongozi mwenyewe autumie: kikao cha Jumatatu kiendeshwe kwa kufungua mfumo, mteja mmoja baada ya mwingine, badala ya kila mtu kusimulia kwa mdomo. Bosi akiendelea kuuliza kwa WhatsApp "yule mteja amefikia wapi?", wafanyakazi wataelewa kwamba mfumo si wa lazima.

Hatua ya 6: Kwa aliyechagua chati, anza na tatu

Chati ya mstari ya mauzo kwa wiki. Chati ya mihimili ya bidhaa au matawi, ikipangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, na mhimili wake uanzie sifuri. Ukianzia juu, tofauti ndogo itaonekana kubwa na utamfokea meneja wa tawi bure. Ya tatu ni jedwali tu la madeni kwa umri wake: siku 30, 60, 90 na zaidi. Duara lenye vipande kumi na viwili vya rangi liache, hakuna jicho linaloweza kulinganisha vipande hivyo.

Tahadhari kubwa ni ya kulinganisha. Mauzo ya vifaa vya ujenzi hupungua masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya mvua. Ukilinganisha Aprili na Februari utadhani biashara inakufa. Linganisha Aprili na Aprili ya mwaka jana. Januari ina ada za shule. Mwenye vitenge, vyakula au nguo za watoto ana jambo jingine: Ramadhani na Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana huenda zisiwe za kulinganishwa kabisa. Weka kwenye data yako safu moja ya ziada inayosema wiki hiyo ilikuwa ya nini: Ramadhani, masika, kufungua shule, wiki ya Krismasi. Programu haitajua mambo hayo yenyewe.

Na kabla hujalipia programu ya pekee, jua kwamba karibu kila CRM ina chati zake ndani. Kuhesabu profoma ngapi zilitoka, ngapi zililipiwa, na nani amefunga mauzo mangapi, hakuhitaji programu ya pili. Utaihitaji pale utakapotaka kuunganisha vyanzo: mauzo ya kaunta, stoo, malipo ya simu na wateja, vyote kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwaka mzima

Bei hutangazwa kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Zidisha kwa watumiaji wote, kisha kwa 12. Mfano: leseni ya Power BI Pro ilikuwa dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi hadi ilipopandishwa kuwa dola 14 Aprili 2025. Watu watano ni dola 840 kwa mwaka, kabla ya kodi na kabla ya shilingi kuyumba. Ongeza kifurushi cha intaneti, muda wa mafunzo, na mtu atakayekuwa na jukumu la mfumo. Kama hakuna mtu huyo mwenye jina na saa zilizotengwa, usinunue.

Vya kuanzia bila malipo vipo. Zoho CRM ina toleo la bure la watumiaji watatu. HubSpot nayo ina toleo la bure lenye mipaka. Odoo Community ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bila kulipia leseni, inafaa sana kwa mwenye stoo na ankara pia, lakini inahitaji seva na fundi anayeijua. Upande wa chati, Power BI Desktop ni ya bure kwenye kompyuta ya Windows, unalipa unapotaka kushirikisha wenzako kwa usalama. Looker Studio ya Google ni ya bure na inasoma Google Sheets moja kwa moja, na kwa duka lililofanya hatua ya nne vizuri hapo ndipo ningeanzia. Metabase ni huria, kwa mwenye hifadhidata na fundi.

Ogopa kitu kimoja: Tableau Public ni ya bure, lakini unachokichapisha huko kinaonekana na dunia nzima. Power BI pia ina njia ya kuchapisha mtandaoni inayomwonyesha kila mwenye kiungo. Usiweke madeni ya wateja wako huko.

Hatua ya 8: Sheria

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na wakusanyaji wa taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya 2019, chini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Zote mbili zina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na CRM nyingi za mtandaoni huhifadhi taarifa kwenye seva zilizo nje. Muulize muuzaji seva ziko nchi gani, akujibu kwa maandishi. Mwambie mteja kwa nini unaandika namba yake, na asiyetaka meseji aondolewe siku hiyohiyo. Programu ya chati ina nafuu hapa: unaweza kuondoa majina na simu kabla ya kupakia, chati zitatoka zilezile.

Hatua ya 9: Jaribu kutoka kabla ya kuingia kwa mwaka

Programu nyingi za kulipia hukupa siku 14 hadi 30 za kujaribu. Usizitumie kutazama mifano ya muuzaji. Ingiza wateja wako thelathini wa kweli kutoka kwenye Excel ya hatua ya nne, au mauzo ya kweli ya miezi mitatu, na ufanye nayo kazi ya wiki mbili, ikiwemo siku ambayo intaneti inasumbua. Jaribu kwenye simu ya muuzaji, kwa kuwa huko ndiko atakakoitumia.

Akaunti ya msimamizi ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, isiwe ya kijana wa IT wala ya wakala aliyekuuzia. Akaunti ikiwa ya mtu mwingine, siku mkikosana taarifa zako ziko mikononi mwake.

Lipa kwa mwezi kwanza, miezi mitatu, hata kama punguzo la mwaka linavutia. Mwezi wa tatu ukifika, toa taarifa zako zote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lifungue kwenye Excel, na lisome mstari kwa mstari: simu zipo kamili? Maelezo ya mazungumzo yametoka, au yametoka majina matupu? Tarehe za kumrudia zipo? Jina la aliyemleta mteja lipo? Kilichokosekana mwandikie muuzaji akuonyeshe kinatolewaje, na malipo ya mwaka yasubiri hadi faili hilo litoke limekamilika.